Mkurugenzi Aliyebaki Garini

Tangu arudi na shahada yake ya umeme, Lafaele Tuisala alikuwa na kipaji kimoja kilichomfaa kuliko hesabu zote: kosa halikumganda. Transfoma ikiungua, ni popo. Nguzo ikianguka, ni mshelisheli wa mtu. Wenzake waliosema kweli walizeekea juu ya nguzo, yeye akapanda vyeo hadi akawa mkurugenzi wa kampuni ya umeme ya kisiwa kizima. Haya, hongera zake.

Kisha hoteli ya ufukweni ikapata harusi ya wageni, na mitambo ikazidiwa. Lafaele akaamuru kijiji cha Sagalei kizimiwe umeme mpaka sherehe iishe. Sagalei walikuwa na maiti ya mzee Pouvi kwenye jokofu, wakimsubiri bintiye Melaia atoke Auckland. Harufu ikawashinda, wakazika. Melaia alifika akakuta kaburi.

Redioni mkurugenzi akasema ni popo.

"Popo gani huyo," wakauliza Sagalei, "anayejua kuipisha hoteli?"

Ukoo wa Lafaele ukafa kwa aibu. Ikabidi wakaombe msamaha kama Wasamoa wanavyoombana: mkosaji na mkuu wa ukoo wake wakae chini mbele ya nyumba ya waliokosewa, wamefunikwa mkeka wa thamani, mpaka wenyewe watoke kuufunua. Asiposamehewa, ukoo ungemvua jina lake la uchifu, na jina hilo Lafaele alilipenda kuliko hata ukurugenzi.

"Mjomba, wewe ndiye mkuu wa ukoo," alimwambia mzee Vaepa asubuhi ile, dereva alipolifikisha gari uani kwa marehemu. "Kaa wewe, inatosha. Wakili kanikataza kukiri. Mimi nipo hapa hapa garini, moyo wangu uko nawe."

"Huo moyo wako nao una kiyoyozi?"

Mzee akashuka peke yake, akaketi kwenye kokoto, akajifunika. Jua likapanda. Lafaele akatazama simu yake. Ofisini amezoea, akiitwa kujieleza humtuma naibu.

Hatimaye Melaia akatoka. Akaufunua mkeka, akamkuta mzee kalowa jasho, hoi. Akalia. Akamwinua, akaukunja mkeka, akamkabidhi shangazi yake aupeleke ndani, na mzee akaketishwa barazani. Lafaele akashusha pumzi: yamekwisha! Akateremsha kioo, akavaa uso wa msiba.

"Binti, kampuni inasikitika sana kwa..."

"Babangu sikumwona," Melaia akamkata. "Na wewe leo sijakuona."

Akageuka. Kutoka barazani, kikombe cha kakao mkononi, Vaepa akapaza sauti: "Dereva, mrudishe mjini! Jina la uchifu nitalipeleka kwa nduguye."

Hapo Lafaele akaruka nje ya gari, akapiga magoti kwenye kokoto na suti yake, akainamisha kichwa. Alikuwa analia kweli, pengine kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Lakini mkeka ulikuwa umeshaingia ndani, na kitu kisichofunikwa hakina mtu wa kutoka kukifunua.