Mawifi wa Miguu Mitatu

Jumamosi ya mwisho ya kiangazi, fundi cherehani wa mtaa wa juu alikaa kwenye kigoda nje ya duka lake akichana shuka kuukuu vipande virefu. Vilikuwa vya kufungia miguu kwenye mbio za mchana. Kamati ya tamasha ilimpa kazi hiyo kila mwaka, naye kila mwaka alivuta kila kipande kwa nguvu zake zote kabla ya kukikubali, maana wageni wanaopanda mlimani kukimbia joto la bondeni hawapendi kuanguka mbele za watu.

Upande wa pili wa barabara, mwoka mikate alikuwa akipanga mikate ya asubuhi dirishani. Barabara yenyewe ni nyembamba, mtu akipiga chafya huku, wa kule anamwambia afya. Hawa wawili hawakuwa wameambiana afya kwa miaka sita.

Walikuwa mawifi. Mwoka mikate aliolewa na mdogo wake fundi, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza saa, ambaye alifariki na kumwachia mkewe saa nyingi zisizokubaliana. Siku za nyuma mawifi hawa walikuwa kitu kimoja. Walisukana nywele, waliazimana nguo, walicheka mpaka mama mkwe anawafukuza jikoni. Mama alipofariki, nyumba yake ikawa ya watu watatu: fundi, mjane wa mdogo wake, na kaka yao mkubwa. Halafu yakatokea maneno. Fundi aliamini kuwa wifi yake amemgeuka, wifi naye aliamini vivyo hivyo, na kila mmoja kwa hasira yake akaachia sehemu yake na kuondoka. Nyumba ikabaki kwa kaka. Aliipaka rangi, akaiwekea roshani na vyungu vya maua, ikawa nyumba ya wageni iliyo nzuri kuliko zote mjini. Siku hizi watu walimwita Mwenyekiti, kwa sababu aliongoza kamati ya tamasha na kamati nyingine zote.

Mchana uwanja ulijaa. Bendi ya matarumbeta ilipiga chini ya turubai, meza ya keki ilizungukwa na nyuki na watoto, na wanaume wa mtaa wa juu walikuwa wakitukanana kwa upendo na wanaume wa mtaa wa chini kuhusu kuvuta kamba. Kwenye kipaza sauti alikuwa kinyozi, kama kawaida, kwa sababu ndiye mtu pekee mjini anayeweza kuongea bila kusubiri kujibiwa.

Mbio za wanawake zilipangwa kwa kura. Kinyozi alitumbukiza mkono ndani ya kopo, akatoa kikaratasi.

"Fundi cherehani!"

Akatumbukiza tena.

"Na mwoka mikate."

Tarumbeta moja lilikosea. Kinyozi alitamani kukirudisha kikaratasi, ila kipaza sauti kilikuwa kimeshasema.

"Haya, mawifi," alisema kwa sauti ya chini, ambayo uwanja mzima uliisikia. "Shikaneni viuno. Bila kushikana hamfiki."

Walishikana viuno wakiangalia pande tofauti. Fundi mwenyewe alifunga kitambaa, mguu wake wa kulia na wa kushoto wa wifi yake, na alikaza vizuri kwa sababu hajui kufanya kazi legelege. Filimbi ikalia. Kila mmoja alitaka jambo moja tu, nalo ni kumaliza upesi aachane na mwenzake. Kwa kuwa walilitaka kwa nguvu sawasawa, hatua zao zililingana kama za mtu mmoja. Walimpita mpishi wa hoteli na dada yake, wakampita muuza maua na mkwewe, wakakata utepe wakiwa peke yao.

Kinyozi aliinama akafungua fundo. Kitambaa kilitoka. Miguu haikutoka.

Ulikuwa mguu mmoja. Ulijaa kwenye kigimbi kama wa mwoka mikate na ulikuwa na baka la fundi kwenye kifundo. Kushoto kwake ulisimama mguu wa fundi, kulia kwake ule wa wifi yake.

Waliitiwa muuguzi kwenye hema la huduma ya kwanza. Alifinya kidole kikubwa cha mguu wa katikati.

"Aliyeumia ni nani?"

"Mimi," walijibu wote wawili.

Muuguzi alisema damu inatembea vizuri, wanywe maji ya kutosha na watafute kiatu kipana. Nje, muuza maua alikuwa analalamika kuwa washindi wana mguu wa ziada.

"Wana mguu pungufu," kinyozi alimsahihisha. "Walianza na minne kama ninyi. Matokeo yanabaki yalivyo. Zawadi ni kesho."

Jioni waliingia kwenye duka la mikate kwa sababu unga uliokandwa haungoji mtu. Mlango uliwapa shida kidogo, wakapita ubavu. Mwoka mikate alikanda, na fundi, ambaye hakuwa na pa kwenda, alisimama karibu naye mikono ikining'inia. Baada ya muda aliichovya kwenye unga, akakanda. Alikunja, akasukuma kwa kiganja, akageuza. Hakuwa amewahi kukanda mkate maishani mwake.

Alijua pia kuwa mlango wa tanuri unauma upande wa kushoto, na kwamba kovu la mkononi mwa wifi yake lilitoka hapo siku ya mvua. Kumbukumbu zilikuwa zinapanda kutoka kwenye mguu taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Alikumbuka bei ya hamira. Alikumbuka kulala upande mmoja wa kitanda kipana huku saa zikigonga kwa kupishana usiku kucha. Kisha akamkumbuka kaka yake mkubwa akiwa amekaa juu ya gunia la unga, palepale pembeni, kofia gotini, akisema kwa upole: "Shemeji, mimi sina neno. Wifi yako ndiye anayesema mjane asiye na mtoto ni mgeni tu, na mgeni hana chumba."

Fundi aliacha kukanda.

"Mimi sikusema hivyo," alisema.

"Hukusema nini?"

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka sita. Mwoka mikate aligeuka kumtazama, na alipogeuka alijikuta amekaa nyuma ya cherehani ambayo si yake, na Mwenyekiti amesimama mbele yake akizungusha gurudumu la cherehani kwa kidole. Anasema: "Wifi yako ameshatia saini, dada. Anasema hata bure atatoa, mradi asikae nyumba moja na wewe."

"Na mimi wakati huo sikuwa nimetia saini," alisema mwoka mikate polepole. "Nilitia baada ya kusikia umetia wewe."

"Nilitia baada ya kusikia umetia wewe."

Walitazamana. Mwoka mikate ndiye aliyeanza kulia, lakini machozi yalitoka kwenye macho ya fundi, na jambo hilo liliwachekesha. Walicheka wakishikilia meza, unga ukawajaa nywele, mpaka jirani wa ghorofani akagonga sakafu kwa ufagio. Mikate ya siku ile iliumuka kupita kiasi. Wateja waliisifu.

Jumapili walishuka uwanjani mapema. Fundi alikuwa ameunganisha sketi zao mbili zikawa moja yenye mifuko minne, na fundi viatu alikuwa amewapa kiatu cha onyesho kilichokaa dirishani mwake muda mrefu kwa kukosa mguu wa kukitosha. Wageni waliwasalimia. Mtoto mmoja aliuliza kama wanalala chali, wakamwambia watamjulisha. Walimkuta Mwenyekiti jukwaani akipanga zawadi.

"Kaka," alisema fundi. "Uliniambia wifi ametia saini."

"Na mimi, shemeji, ulinikalia kwenye gunia langu la unga," alisema mwoka mikate.

Mwenyekiti aliwaangalia, akaangalia mguu wa katikati, akaelewa. Hakuwa mtu wa kubishana na kitu kinachoonekana.

"Ni kweli niliwaambia," alisema. "Nyumba isingegawanyika kwa watu watatu. Ingebomoka. Sasa angalieni ilivyo nzuri."

"Turudishie."

"Jamani, leo ni sikukuu." Alisema bila ubaya, kama mtu anayeombwa mvua. "Karatasi zilishapita kote zinakopita. Na vyumba vimejaa mpaka kesho."

Watu waliokuwa karibu walisikia. Mpishi wa hoteli alitikisa kichwa. Muuguzi alisema ni aibu, na muuza maua, ambaye hakuwapenda tangu jana, alisema ni aibu kubwa. Kisha bendi ikaanza, na wote wakageuka kuangalia jukwaa, ambapo kinyozi alikuwa anatangaza washindi wa mbio za wanawake. Zawadi yao ilikuwa kulala siku moja, watu wawili, kifungua kinywa ndani yake, katika nyumba ya wageni ya Mwenyekiti.

Watu wakamtazama Mwenyekiti.

"Tunaichukua," alisema mwoka mikate.

"Kwa mikono miwili," alisema fundi. "Minne."

Watu walipiga makofi kuliko walivyowapigia wavuta kamba. Dansi ilipoanza, mawifi waliingia katikati ya uwanja. Mwanzo walikanyaga watu, halafu wakagundua kwamba mguu wa katikati ukisimama imara, miwili ya pembeni inaweza kuzunguka kama bikari, na wakazunguka mpaka sketi ikawa duara na wapiga matarumbeta wakaongeza kasi ili wawafikie. Vijana wa bondeni walijaribu kuwaiga wakiwa wawili wawili na vitambaa, wakaanguka kwa furaha. Kinyozi aliacha kipaza sauti akaja kuomba kucheza nao. Hakujua amshike nani mkono, akashika wote.

Chumba walichopewa kilikuwa cha mama. Kitanda kilikuwa kipya na ukutani palitundikwa picha ya mlima, ingawa mlima wenyewe ulionekana dirishani. Sabuni ndogo ilifungwa kwenye karatasi. Walikaa kitandani na kuvua kile kiatu kipana, na mguu ukawatumia vitu vya nyumba ile.

Mwoka mikate, aliyeingia humo akiwa bibi arusi, alikumbuka kuwa mtoto ndani yake. Alikumbuka kutambaa chini ya meza, na mkono wa mama mkwe, ambaye sasa alikuwa mama, ukimpima urefu kwenye fremu ya mlango. Fundi alikumbuka kushuka ngazi za mbele akiwa amevaa viatu vinavyobana, na mdogo wake amesimama chini akimsubiri. Siku zote alimjua mdogo wake kama mtu wa kawaida mwenye mafuta ya saa kwenye kucha. Hakujua kama alikuwa mzuri kiasi kile.

"Ulimpenda hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo."

Asubuhi walikula kifungua kinywa kwenye roshani. Mkate ulikuwa wa jana yake na waliutambua. Magari ya wageni yalikuwa yanateremka mlima moja moja, na upepo ulikuwa na ubaridi ndani yake. Mwenyekiti aliwasubiri mapokezi.

"Mmelala vizuri?"

"Vizuri sana, kaka."

"Basi, ufunguo."

Fundi aliuweka mezani. Mwenyekiti aliutundika kwenye msumari wake, akafuta meza kwa kitambaa, akasema karibuni tena kiangazi kijacho, ila waseme mapema kwa sababu chumba kile kinapendwa. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, maana alikuwa mwenyeji mzuri, kisha akaufunga.

Mawifi waliteremka kuelekea dukani, ambako watu walikuwa wameshapanga foleni na kuanza kunung'unika kuhusu mikate.

"Ulikoroma sana," alisema mwoka mikate.

"Nani, mimi? Aliyekoroma ni wewe."

"Nakumbuka kabisa nilikusikia."

"Hiyo ni kumbukumbu yangu, wifi. Mimi ndiye niliyekusikia."

Mwoka mikate alifikiri kidogo huku wakitembea, akashindwa kukata shauri, wakacheka mpaka foleni nzima ikageuka.