Sabuni Iliyogoma Bombo

Sabuni iligoma tena, na safari hii Devotha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Bombo, hakumumunya maneno.

"Kuna mtu ana jicho la husuda humu ndani," alisema, akimkodolea macho Naisiae. "Tangu aingie huyu mwezi wa sita, sabuni haishikani. Leo tunajaribu mara ya mwisho. Ikikataa, atoke kikundini."

Naisiae alikuwa ameolewa milimani kutoka kwa wafugaji wa tambarare. Maneno yale yalimchoma, lakini kilichomuuma zaidi ni mama mkwe wake, Hedwiga, kuinamisha kichwa na kunyamaza.

Jamani, binadamu! Mwezi wa saba, ukungu umelala mpaka mlangoni, watu wazima wamevaa masweta mawili mawili, halafu wanalaumu jicho la mtu. Tena kwa kuliogopa hilo jicho, walikuwa wamehamishia kazi kwenye stoo ya mawe kando ya kijito, baridi ya humo usiombe. Huko ndiko mambo yalikoharibika kabisa: mafuta juu, maji ya kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni, chini.

Naisiae akafikiri. Kwa mama yake, maziwa ya asubuhi huganda jioni. Hapa Bombo hayagandi mpaka akisogeze kibuyu karibu na moto. Je, maziwa nayo yalionewa husuda?

"Mwenyekiti," alisema, "hapa hakuna jicho. Kuna baridi."

Wakacheka. Naye hakunyamaza.

"Nilifundishwa kidato cha tatu. Mafuta na kostiki havigeuki sabuni hivi hivi, kuna kilima cha kuvuka kwanza. Chembe zake zinagongana, ila zikipoa zinagongana kivivu, nyingi zinaishia chini ya kilima. Zipe joto, zitagongana kwa nguvu na kuvuka. Shamsa, yule mwalimu wenu wa sabuni, aliwafundisha bila moto kwa sababu yuko Same, kule chini jua lenyewe linapika!"

"Mbona mwanzoni ilikubali hapahapa?"

"Ulikuwa mwezi wa pili, mwenyekiti. Kiangazi."

"Maneno hayafui nguo," Devotha alibeza. "Ipike basi, watu wote tukiona."

"Ndivyo ninavyotaka."

Hapo Hedwiga akainua kichwa. "Njooni jikoni kwangu. Moto upo."

Naisiae akaiweka ndoo ya mchanganyiko ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto, akashika mwiko. Akakoroga. Mabega yakawaka, jasho likamtiririka, na ndani ya ndoo hamna kitu. Devotha akakohoa kikohozi kile cha "si niliwaambia." Naisiae aliogopa, asiseme mtu kwamba hakuogopa, lakini hakuacha.

Mara mwiko ukawa mzito. Akauinua, tone likaanguka na kubaki juu juu kama kwenye uji mzito.

"Imeshika!" Vigelegele vikapasua ukungu.

Asubuhi yake waliitoa sabuni kwenye kasha walimoimimina, ikiwa ngumu, nyeupe, bila hata tone la maji chini. Naisiae akamgeukia Devotha. Alikuwa na furaha, na hasira pia.

"Mwenyekiti, ulinitukana mbele ya watu. Niombe radhi mbele ya haohao."

Devotha akajifuta mikono kwenye khanga. "Mwanangu, kwa kweli mimi…"

Hakumaliza. Hedwiga alikuwa ameshaukata mche wa kwanza, akauweka juu ya jani la mgomba, akatoka nao mbio barabarani, mtandio ukimdondoka, akipaza sauti nyumba hadi nyumba:

"Tokeni muone! Mkamwana wangu ndiye kaipika! Wangu mimi!"