Suruali za Nyigu

Wateja walimwita Nyigu kwa ajili ya kiuno chake. Alikuwa kinyozi wa miaka arobaini na sita, na alichojivunia kuliko hata wepesi wa mkono wake ni kwamba suruali aliyooa nayo bado ilimwingia. Kumwingia ilimwingia, ila kwa kulala chali kitandani, kubana pumzi na kukaza mkanda mpaka tundu la mwisho.

Mkewe, fundi cherehani, alishonea chumba cha pili cha duka lake la kunyolea. "Baba watoto, niletee niipanue. Mshono una akiba."

"Ukiipanua, nitakuwa nimekubali uzee."

Kisha paja la kulia likaanza kuwaka upande wa nje. Akisimama kunyoa vichwa viwili vitatu, ngozi ilichoma kama imepakwa pilipili, halafu ikafa ganzi. Akikaa, nafuu. Hakumwambia mtu. Baba yake alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na ulimwanza vivyo hivyo, kwa ganzi. Nyigu akawa ananyoa huku ameegemea mguu mmoja, anacheka na wateja, moyoni hana raha.

Alasiri moja aliinama juu ya meza ya mkewe kutafuta mkasi. Alipogeuka kuondoka, mkewe akapiga kelele.

"Simama hapo hapo!"

Pini ilikuwa imezama pajani mwake, kimebaki kichwa tu. Mkewe akaichomoa. Tone la damu likatoka.

"Hujasikia?"

Nyigu akajikalia kwenye kiti cha wateja, akamweleza yote, mpaka mguu wa marehemu baba yake. "Mficha maradhi..." mkewe alianza, lakini alipoona midomo ya mumewe inatetemeka, methali akaimeza. Akafunga milango yote miwili, wakaenda zahanati.

Daktari, mama mmoja mpole wa sauti ya chini, alipima sukari: nzuri. Akauliza habari za mgongo: hauumi. Akamwambia anyooshe goti, asukume mguu: nguvu zipo tele.

"Sasa vua mkanda."

Kiunoni palikuwa na mfereji mwekundu. Daktari akabonyeza karibu na mfupa wa nyonga, kwa mbele, na moto ukashuka pajani.

"Huohuo!" Nyigu akaruka.

"Hapa panapita mshipa wa fahamu," daktari akasema. "Kazi yake ni kuhisi ngozi ya paja tu, hauendeshi mguu. Wewe unaubana kwa mkanda, na tumbo nalo linauelemea. Ukikanyaga mpira wa maji, bustani itapata kitu?"

"Kwa hiyo mguu hamkati?"

"Tutakata mkanda."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Nyigu alicheka mpaka akafuta macho.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi: nguo za kupwaya, kukaa kila baada ya vichwa viwili, kupunguza tumbo pole pole. Moto ukikataa kuzima, kuna vidonge vya kutuliza neva, na hata sindano ya kupiga pale panapobanwa. Upasuaji ni kwa wachache sana. Arudi baada ya wiki sita.

Usiku huohuo Nyigu alikaa amejifunga taulo huku mkewe akifumua suruali saba, moja baada ya nyingine, akiimba chini chini. Kesho yake kinyozi alionekana dukani kavaa suruali pana yenye kanda za mabegani.

"Nyigu, umemezwa na nini leo?" mteja mmoja akamtania.

"Na mke wangu. Kaa sawa nisikukate sikio."

Wiki ya tatu moto ukazima. Ganzi ndiyo iliyokaidi. Ilibaki sehemu ya ukubwa wa kiganja. Aliporudi wiki ya sita, daktari akasema huwa inachelewa, isimtie hofu.

Asubuhi moja, mwezi wa tatu tangu suruali zifumuliwe, Nyigu alikuwa anaoga. Mkewe akasikia ukelele, akakimbilia mlango wa bafu.

"Kuna nini?"

"Maji ya baridi!"

"Si ungesema nikuchemshie?"

"Usichemshe! Pajani, mama watoto. Nayasikia!"

Akajimwagia kopo jingine.