Kovu la Pasi

Shahada yetu ya uzamili ya uandishi wa kubuni ilikuwa ya nchi mbili: mwaka wa kwanza ugenini, wa pili nchini kwangu, na darasa zima huhama pamoja. Nilipopata nafasi nilijiona nimefika. Akilini haikunijia kwamba siku moja wenzangu wangefika mpaka sebuleni kwa mama.

Mama ni fundi cherehani, na sebule ndiyo karakana yake. Nilipokuwa mdogo nilivuta waya wa pasi niliyokatazwa hata kuisogelea. Ikaporomoka. Mama akaidaka kwa kiganja kitupu, ncha yake ikanigusa mkononi kidogo tu. Mimi nina kovu la ukubwa wa kucha. Yeye kiganja chote cha kulia kimekunjamana hadi leo, hata mkasi anaushika kwa shida.

Kule ugenini hadithi zangu za mwanzo ziliambiwa ni nadhifu. Aliyewahi kukaa darasa la uandishi anajua kuwa hilo ni tusi. Nikaona isiwe taabu, nikaandika juu ya fundi cherehani anayemchoma bintiye kwa pasi makusudi, kisa kaharibu nguo ya mteja. Kanuni ya darasa letu ni kwamba kazi yako ikijadiliwa, wewe hufungui mdomo. Nilikaa kimya, wenzangu wakatokwa machozi.

Tulipotoka, dada mmoja tuliyempachika jina la Mhariri, maana hata matangazo ya mlangoni huyasahihisha, alinishika mkono akaliona kovu.

"Pole sana," akasema. "Kumbe ni wewe."

Ningeweza kumwambia ni hadithi tu. Nikainamisha kichwa. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa maana darasani, na nilifurahia, siwezi kuficha.

Kwa hiyo mwaka wa pili, darasa lilipohamia kwetu na mama akasema anataka kuwaalika, nilimletea kila kisingizio.

"Wana kazi nyingi, mama."

"Watu wamekaa na mwanangu mwaka mzima ugenini, halafu wapite hapa bila hata chai? Waambie waje."

Walikuja Jumamosi mchana. Mama alikuwa amesukuma cherehani pembeni, vipande vya vitambaa amevitia kwenye gunia, na ameazima viti kwa jirani. Aliwapokea kwa bashasha zote. Wao walimjibu kwa heshima kavu, kama watu waliofika ofisini kufuata muhuri. Mhariri hakugusa kikombe chake.

Mama akanifuata jikoni. "Wenzako nimewakosea nini?"

"Wamechoka tu, mama."

Tuliporudi sebuleni, Mhariri alikuwa anaitazama pasi.

"Mama, samahani," akasema. "Nitashindwa kunywa chai hapa na kujifanya sijui. Tumeisoma hadithi ya mwanao. Na kovu tumeliona."

"Kovu lipi, mwanangu?"

"La pasi. Ulipomchoma."

Mama akanigeukia. Alinitazama vile anavyotazama nguo iliyorudishwa na mteja, akitafuta ni wapi ilipoachia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sentensi moja tu ilitosha, na mimi ndiye niliyekuwa nasomea sentensi. Nikakaa kimya, kama darasani.

Mama akakunja kiganja chake cha kulia, akakifunika kwa upande wa gauni.

"Ni kweli," akasema. "Siku zile nilikuwa na hasira za karibu. Nilishamwomba mwanangu radhi."

Mhariri akainuka, akamkumbatia, akamwambia wazazi wanaokubali makosa yao ni wachache. Kuanzia hapo maongezi yakanoga. Walikunywa chai, wakaomba ya pili, wakasifu mishono. Mama aliwamiminia kwa mkono wa kushoto, na chai ikawa inamwagika kwenye visahani. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Walipoondoka nilimfuata jikoni.

"Mama, nisamehe. Jumatatu nitawaambia ukweli, mbele ya darasa zima."

Alikuwa anasuuza vikombe, kiganja sasa kimefunguka ndani ya maji.

"Usithubutu," akasema, bila ukali wowote. "Umeshanichafua. Ukiwaambia, nitakuwa nimejichafua bure."

Akanipa kikombe cha Mhariri nikifute.