Sheria Ndogo Apelekwa Kliniki

Usiku wa jana niliota niko kwenye foleni ya kliniki, nimempakata sheria ndogo.

Ni yule yule aliyebandikwa pale bombani kwetu: "Kuanzia Jumatatu bomba litafunguliwa saa nne asubuhi." Ana karatasi mbili na muhuri utosini. Nimemviringisha kwenye kanga yangu ya njano asipate baridi, ingawa simpendi. Bomba likichelewa tutachota mtoni, na maji ya mtoni mara ya mwisho yalimharisha mjukuu wangu Siwema siku tatu, macho yakamwingia ndani.

"Anayefuata!" anaita mizani, akining'inia kwenye boriti. "Bibi, huyu wa nani?"

"Wa Mwenyekiti Mbaruku. Kamzaa, kanipa nimshike, kaenda kunywa chai."

"Kashapimwa?"

"Hata mara moja."

Mizani anaguna. Namvika sheria ndogo ile suruali ya kupimia, namtundika. Kadi inajijaza yenyewe. Nukta inaiacha rangi ya kijani, inateremka, inakaa kwenye nyekundu.

"Kitendawili," anasema mizani.

"Tega!"

"Mwanangu hana tumbo, lakini anauharisha mtaa mzima."

Kabla sijafumbua mdomo, Mwenyekiti anaingia na kikombe chake. "Embe bichi!"

"Sivyo. Nipe mji."

"Chukua huu wetu," anasema, anapuliza chai.

Hapo hapo tuko mtoni. Nyumba za mtaa zinajitwika mabati yao, zinapanga mstari nyuma ya mizani. Yangu iko mbele, na Siwema amelala ndani.

"We Mbaruku, mji hutolewa kwa mdomo tu!" napiga kelele. "Mizani, jibu ni huyo huyo uliyembeba! Sheria ndogo!"

"Bibi kapata. Mji, rudi."

Nyumba zinarudi, zinanung'unika.

"Na mtoto je?" anauliza Mwenyekiti, sasa mpole.

"Mkojozeni, atoe kinachomuumiza."

Kazi hiyo naijua, nimekojoza watoto saba. Namweka mapajani, namfanyia sss, sss. Anakojoa wino wa buluu, neno moja moja.

Nikaamka. Nje bado giza. Siwema anakoroma kando yangu, tumbo lake salama. Kwenye kanga yangu ya njano, chini ya msemo wake, kuna maandishi madogo ya buluu, bado mabichi: "saa nne."

Leo Jumatatu. Kutoka bombani nasikia maji yakipiga ndoo.