Ritifaa za Shangazi

Kabati hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na kaka zake akiwa na miaka saba, asubuhi walipoamka wakakuta viatu vya nyumba nzima vimepangwa ukutani kwa ukubwa, vya kushoto sebuleni na vya kulia ukumbini. Alikuwemo mgeni mwenye safari ya alfajiri. Aliondoka amechelewa, na kiatu kimoja hakuwa na uhakika nacho.

Tabia, wanasema, ni ngozi. Alipokua akawa mtu wa kompyuta, na wenzake wa programu ya Mnenaji walipochoshwa na fujo yao wenyewe, walijua wa kumtwisha mzigo. Mnenaji ni programu ya watu wasioweza kusema: mtu anaandika kwenye simu, simu inasema kwa niaba yake. Haina mwenyewe. Msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, uko wazi, na yeyote anaweza kuusoma, kuuchukua au kuurekebisha. Sasa kitu cha wote kila mtu hukitumia, lakini ufagio hakuna anayeushika. Kwa miaka sita watu walikuwa wakitupia mafaili popote pale. Kulikuwa na folda iliyoitwa "mengineyo", ndani yake "mengineyo-mapya", na ndani ya hiyo "mengineyo-ya-kweli". Mfamasia mmoja wa mbali, aliyekuwa akichangia msimbo siku za Jumapili, ndiye aliyependekeza Kabati apewe cheo cha mpangaji. Kabati akawajibu kwamba amekubali, ila mpangaji huyu kodi halipi.

Kazi ilimchukua wiki tatu kwenye meza ya kulia chakula. Upande wa pili wa meza alikaa shangazi yake, akisahihisha madaftari.

Shangazi alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Kisha koo likaugua, na miaka miwili iliyopita madaktari wakaondoa kisanduku cha sauti ili kuokoa maisha yake. Kabla ya siku hiyo, yeye na Kabati walijifungia chumbani siku tisa, godoro limesimamishwa dirishani kuzuia kelele za barabarani, wakarekodi silabi moja moja: ba, be, bi, bo, bu, mpaka wakazimaliza zote. Kabati akaziunganisha ndani ya Mnenaji. Alipotoka hospitali, shangazi aliandika neno la kwanza kwenye simu, na simu ikamwita Kabati kwa sauti ileile iliyomlea. Ndugu waliokuwa wakipiga simu, hata zamani, walikuwa hawajui wamepokelewa na shangazi au na mpwa. Sauti zao zilifanana mno.

Kwenye jambo moja tu shangazi hakukubali mjadala. Wenzake Kabati walipoomba sauti hiyo iwekwe wazi pamoja na msimbo, alikataa. Programu ni ya watu wote, alisema, lakini sauti ni yangu. Kwa hiyo rekodi zake zilikaa kwenye kompyuta ya Kabati peke yake, na nakala ya akiba kwenye diski ndani ya droo.

Mfamasia naye alikuwa na lalamiko lake. Kompyuta yake ilikuwa ikikwama kila inapokutana na jina la folda lenye alama ndani yake. Kabati aliona mfamasia ana haki. Akaweka kanuni: majina ya folda yawe na herufi tupu, bila nukta, bila ritifaa, ile alama ndogo ya juu kama koma, bila mapambo. Akaandika amri chache za kunakili kila kitu kwenye mpangilio mpya huku zikifuta alama zote. Kwa kuwa alikuwa mwangalifu, akaongeza tahadhari: kompyuta ikikuta faili lenye jina lilelile limeshafika, isiliguse. Na kwa kuwa alitaka mpangilio wa nyumbani ulingane na wa wenzake, akazipitisha humo na rekodi za shangazi.

Humo kulikuwa na folda ya "ng" na folda ya "ng'". Kila moja ilikuwa na mafaili matano, a, e, i, o, u. Ritifaa ilipofutwa, folda mbili zikawa moja. Ng ilitangulia kufika. Ng' ilipokuja ikakuta viti vimekaliwa, na kompyuta, kwa utiifu wake, ikaiacha nje. Majaribio yote yalipita, maana yalichouliza ni kama faili lipo, na faili lilikuwepo. Kabati akafuta folda za zamani, akasawazisha na diski ya droo ili nakala zisipishane, akaingiza toleo jipya kwenye simu ya shangazi, akalala usingizi mnono.

Jumamosi shangazi alikuwa na darasa lake la imla pale sebuleni, watoto wanane wa majirani. Aliandika sentensi, simu ikasoma, watoto wakaandika: ng'ombe wa jirani aling'oa miche yote. Alipochukua madaftari akakuta wote wameandika "ngombe" na "alingoa". Akachora mikwaju myekundu kwenye daftari la kwanza, la pili, la tatu. Binti mmoja mwenye miwani akasimama kwa adabu.

"Lakini mwalimu, ndivyo ulivyosema."

Shangazi aliirudisha sentensi, simu ikiwa sikioni. Kisha akawaruhusu watoto waende nyumbani, nusu saa kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Akamwita Kabati, akamsikilizisha. Kabati alisikiliza akasema mbona iko sawa. Shangazi akairudia. Bado Kabati hakusikia kasoro yoyote. Hapo ndipo shangazi alipomsogezea daftari la mtoto, na Kabati akaliona kwa macho lile ambalo masikio yake yalishindwa kulinasa. Na aibu haikuishia kwenye folda. Maisha yake yote yeye mwenyewe alikuwa akisema ngombe, ndani ya nyumba ya mwalimu, na mwalimu akamstahi kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake.

Alikimbilia kompyuta, akafungua diski, akapekua kila pembe. Hakukuwa na kitu. Aliporudi akakuta shangazi hatumii tena simu. Alikuwa ameandika kwenye karatasi:

"Miaka thelathini na mmoja nimekataza ngombe. Sitaisema nikiwa bubu."

Simu ikaingia droo. Siku nne nyumba ile iliendeshwa kwa vikaratasi: nunua sabuni, funga dirisha, chai iko tayari. Shangazi alikuwa amenyang'anywa sauti kwa mara ya pili, na mara hii hakukuwa na ugonjwa wa kulaumiwa, ila Kabati. Usiku alilia. Mchana alitafuta. Alipitia video za harusi, muziki umefunika maneno. Alipata ujumbe mmoja wa sauti ambamo shangazi alisema mtoto fulani ananung'unika, lakini katikati ya neno sufuria ilianguka. Mfamasia, aliyejisikia vibaya kwa ajili ya lalamiko lake, alijitolea kurekodi silabi hizo kwa dada yake, ambaye alizitamka vizuri sana. Shangazi alisoma ujumbe wa mfamasia akatikisa kichwa. Hakutaka mtu asiyemjua amkalie mdomoni.

Kisha akachukua karatasi.

"Rekodi wewe. Koo ni la ukoo mmoja."

Kabati akamkumbusha kwamba hajui kuitamka.

"Nitakufundisha," akaandika shangazi, na akapigia mstari.

Godoro likarudi dirishani. Mwalimu asiye na sauti hawezi kusema "nifuatishe", kwa hiyo shangazi alifundisha kwa vidole. Alimwekea Kabati kiganja kooni, na kila "g" ilipogonga, akampiga kofi dogo la bega. Alimwandikia: mlio ubaki puani, usifungue mlango kwa kishindo. Akamfanya avume mdomo wazi, kisha akambana pua ghafla. Mlio ukikatika, vizuri. Ukiponyoka mdomoni, anza upya. Siku ya kwanza Kabati alipigwa makofi mpaka akaanza kucheka, na shangazi akacheka naye, mabega yakitikisika bila mlio wowote. Siku ya pili ng'o ilipatikana mara moja, ikapotea. Siku ya tatu alasiri Kabati alisema ng'a, ng'e, ng'i, ng'o, ng'u, na kiganja kikatulia kooni pake. Shangazi akaashiria arekodi.

Mafaili yalikuwa matano. Mwongozo ambao Kabati aliwaandikia wenzake ulisema wazi: kila sauti ikae kwenye folda ya mwenyewe. Basi hakuthubutu kuyaingiza kwenye folda ya shangazi. Akatengeneza nyingine, akaiita "kabati", na akaielekeza Mnenaji kwamba ikikutana na ng' ipitie humo, ichukue, irudi.

Shangazi alitoa simu kwenye droo. Kabla ya kuandika neno, alisogea kwenye kompyuta, akaweka kidole juu ya ile folda ngeni, akainua nyusi.

"Hizo ni zangu, shangazi," Kabati akasema. "Zako nilizipoteza. Sitaki kukuwekea kitu ukadhani ni chako. Na kanuni ndiyo inavyosema."

Shangazi aliandika polepole, akairudia kuisoma kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi, kisha akabonyeza. Simu ikasema, kwa sauti yake ya darasani:

"Using'ang'anie kanuni. Weka kwangu."

Kabati akaomba airudie. Alizisikiliza zile ng'a mbili akitafuta sauti yake inapoanzia na ya shangazi inapoishia, na safari hii masikio yalikuwa yamefunzwa, lakini hakupaona. Akayahamisha mafaili yote matano kwa shangazi, ndani ya folda mpya ya "ng'" yenye ritifaa yake, akaifuta folda ya kabati.