Koti la Mtu wa Katikati

Picha ilikuwa kubwa kama mlango, na Lisandru alikuwa ameitundika kwenye baa ya Batti, juu ya mashine ya kahawa, ili hata anayeingia kununua sigara asiikwepe. Wanaume watano msituni, nyuso zimefunikwa vitambaa vyeusi, bunduki vifuani, bendera ya kisiwa nyuma yao. Ilitoka kwenye magazeti yote ya Korsika zamani zile, baada ya ofisi ya kodi ya kule mjini kulipuliwa, watu wa msituni, waliotaka kisiwa kijitawale, walipotangaza kuwa kazi ile ni yao. Sasa chini yake palibandikwa karatasi ya kampeni: Lisandru alikuwepo.

Batti alimuuliza yeye ni yupi. Lisandru akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kununua, akajibu kwa ile sauti ya chini ya mtu anayetaka asikike hadi barabarani.

"Wa katikati."

Wa katikati! Wa katikati ni mume wangu.

Sikuhitaji kuona uso. Koti lile la kuwindia lilichanika bega la kushoto kwenye miiba, nikalitia kiraka cha pazia la jikoni, kitambaa cha mistari, kwa kuwa sikuwa na kingine. Kwenye picha kiraka kinaonekana kuliko bunduki. Matteu hakuniambia neno, nami sikumuuliza. Miaka ile, mke aliyeuliza maswali alionekana yuko upande wa polisi. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, kwa kifua, mdomo wake umefungwa vilevile, na ule ukimya niliujivunia kama wengine wanavyojivunia medali.

Na Lisandru je? Harakati za msituni zilipokuwa zikimpeleka mtu jela, yeye alikuwa Marseille kwa shangazi yake, akiwavisha wanawake viatu dukani. Aliporudi na kugombea mara ya kwanza, aliulizwa redioni kama aliwahi kuwa na uhusiano wowote na watu wa msituni. Akaapa kwa kaburi la mama yake kwamba hawajui hata kwa majina. Mama yake alikuwa hai, anamsikiliza jikoni. Leo waliotoka msituni wanavaa suti na kupigiwa makofi, basi naye amekumbuka ghafla kuwa alikuwemo, na anataka umeya. Hana haya hata ya kuazima.

Kijiji kizima kilibishana. Meya tuliyenaye, mpumbavu wa aina nyingine, alimwita gaidi hadharani, na kuanzia siku hiyo vijana wakawa wanampisha Lisandru njia. Mmoja aliapa kwamba alimwona akipanda mlima na bunduki. Mwenzake akasema ile ilikuwa fimbo ya kuvulia samaki. Wote walijua kwamba hakuwepo, ila huyu alitaka barabara ifike shambani kwake na yule alitaka mwanawe apate kazi, kwa hiyo wakakubaliana kuwa huenda alikuwepo.

Damu ilinichemka wiki nzima. Siku ya mkutano wake nililitoa koti kabatini, linanuka moshi na mbwa, nikalikunja ndani ya kikapu. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitamwacha apige domo mpaka achoke, kisha nimwombe mbele ya watu alivae. Matteu alikuwa na mabega ya fahali. Lisandru angezama humo kama mtoto. Nilitaka wamcheke mpaka akose pa kupitia. Na zaidi ya hapo, nilitaka wajue. Nilichoka kuitwa mjane wa mkata kuni, mzee ambaye hata nami nilimtania, kila vuli akikaa uani kupasua kuni nyembamba kama za kupikia watoto.

Baa ilijaa. Batti alichoma soseji za ini na divai ilikuwa ya bure, kwa hiyo hata wapinzani walikuja mapema. Lisandru alisimama chini ya picha akasimulia baridi ya usiku ule, mikono ilivyomtetemeka alipotega bomu, na wenzake ambao hawezi kuwataja kwa heshima ya kiapo. Alisimulia vizuri, mshenzi yule. Nusu ya wanawake walikuwa na machozi.

"Jengo lilikuwa tupu," akasema. "Tulihakikisha. Sisi hatukuwa wauaji."

Nikatia mkono kikapuni. Hapo ndipo Orsu aliposimama.

Orsu hukaa sikuzote karibu na jiko, akinywa divai kwa kubana glasi katikati ya viganja viwili. Alikuwa mlinzi wa ofisi ile ya kodi. Usiku ule haukuwa wa zamu yake. Alimshikia mwenzake aliyekuwa na harusi. Moto ulimwachia dole gumba moja na vipande. Tumemzoea kiasi kwamba hatumwoni, na niseme wazi, wiki nzima nilipokuwa nikipanga mambo yangu ya koti, Orsu hakunijia kichwani hata mara moja.

"Lisandru mwanangu," akasema, "kumbe ni wewe."

"Mimi nini, mzee wangu?"

Orsu aliinua mikono kidogo tu, kama mtu anayeonyesha urefu wa samaki. "Miaka yote nataka kumuuliza aliyetega. Aliniona nikiingia, au hakuniona? Nijibu hilo tu. Kura yangu utaipata."

Lisandru alinywea. Kwanza alicheka. Kisha akasema picha ni kitu kimoja na bomu ni kitu kingine. Kisha akasema yeye alikuwa upande wa mawazo, si upande wa vitendo. Mwishowe, uso umelowa jasho, akakiri kwamba kusema kweli mwezi ule alikuwa Marseille, kikazi, na kwamba kwenye kampeni mtu hutia chumvi kidogo kwa ajili ya hamasa.

Watu walicheka mpaka mtu akamwaga divai. Kicheko nilichokipanga wiki nzima nikakipata bure, na sikukifurahia hata chembe.

Orsu hakucheka. Aliigeukia picha.

"Basi yule wa katikati ni nani?"

Kila mtu akapata kitu cha kutazama, soseji, viatu, dirisha. Hakuna aliyenitazama mimi, na ndipo nilipojua kuwa wote wanajua.

Ningeweza kurudi nyumbani. Kikapu kilikuwa kimefunikwa. Nani angejua kama sikubeba vitunguu? Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya kile kiraka. Nilimdharau Lisandru kwa kuitaka picha bila kuitaka mikono ya Orsu, na mimi nilikuja pale kudai picha ileile, kwa masharti yaleyale. Nilijisikia vibaya kuliko siku ya mazishi.

Nikapita katikati ya meza, nikalitandaza koti magotini pa Orsu, maana alikuwa ameshakaa.

"Ni Matteu, shemeji," nikasema. "Kama alikuona au hakukuona, sijui. Sikumuuliza."

Nyuma yangu Lisandru alianza kusema kwamba huu ni wakati wa maridhiano. Batti akamwambia akae chini, soseji zinaungua.

Orsu alikipapasa kiraka kwa lile dole gumba lake, taratibu, kutoka mshono hadi mshono.

"Kila mwaka kabla ya theluji kulikuwa na mtu ananimwagia kuni mlangoni," akasema. "Za mwaloni. Zimepasuliwa nyembamba, niweze kuzibeba hivi." Akakutanisha viganja. "Hakuwahi kubisha hodi."

Nilikuwa nawaza zile kuni, na utani wangu.

"Mwaka huu hazijaja," akasema.

"Shoka lake ninalo."

Orsu alitikisa kichwa kukubali. Alilikunja koti vibaya, kwa shida, na sikumsaidia kwa sababu hakuomba. Kisha akaniangalia, akauliza kwa sauti ileile aliyomuulizia Lisandru.

"Lakini aliniona, shemeji?"